Kabla Gari la Zimamoto Halijafika



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili naomba tutafakari jambo ambalo kanisani hatulitaji ila siku ya msiba, nalo ni moto. Simaanishi moto wa milele, ambao katekisimu ilitufundisha kuuogopa tangu utotoni. Namaanisha moto huu wa kawaida, unaotoka jikoni, kwenye koroboi, au shambani kwa jirani anayechoma mabua. Moto unaopanda paa na kumaliza nyumba ya mjane kabla majirani hawajavaa viatu.

Swali langu ni moja, na ninawasihi kila mmoja ajiulize mwenyewe kabla ya kusoma mbele. Nyumba ikiwaka usiku wa leo hapa Kwashemshi, nani atauzima moto huo?

Wengi watajibu upesi kwamba ni Jeshi la Zimamoto. Jibu hilo ni sahihi kisheria, na nitalirudia baadaye. Lakini sote tunajua hesabu ya barabara zetu. Nyumba ya miti na nyasi haihitaji muda mrefu ili iwe majivu, na hata ile ya matofali na mabati, godoro na mapazia yakishashika, muda wa kumtoa mtoto aliyelala ndani huhesabiwa kwa dakika. Gari la zimamoto, hata likiondoka mjini saa ileile, lina safari ya kusafiri. Basi jibu la kweli ni kwamba moto huo utazimwa na jirani, au hautazimwa kabisa.

Katika miji mingi midogo ya Ulaya na Amerika kuna kikosi cha zimamoto cha watu wa kujitolea. Kina jina, daftari na sare. Babu alikuwamo, na leo mjukuu yumo. Tukisikia habari hizo hudhani kwamba sisi hatuna historia ya namna hiyo. Naona tunajidhulumu. Historia tunayo, tulichokosa ni mtu wa kuiandika, na pengine ndiyo sababu tunaelekea kuipoteza.

Hebu tuanzie kwenye mkonge, kwa kuwa huku kwetu kila habari huanzia hapo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba yaliyoenea Tanga, Muheza, Korogwe na Handeni, hata nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Mashamba yalihitaji mikono mingi, na mikono ikaletwa kutoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na watu wakazidi kuja: Waha kutoka Kigoma, Wangoni kutoka Songea, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba kabla ya jina.

Watu hao waliwekwa kambini, nyumba kwa mistari, ukuta ukitazamana na ukuta. Mwislamu alipakana na Mkristo, na asiye na dini alipakana na wote wawili. Lugha za nyumbani zilikuwa nyingi. Lakini moto ulipotokea kambini haukuuliza kabila la mwenye nyumba, nao waliokimbia na ndoo hawakuuliza. Aliyechelewa kuamini kwamba nyumba ya Mmakonde ikiungua inamhusu alikumbushwa na cheche zilizokuwa zikitua juu ya paa lake mwenyewe.

Moto ni adui wa mkonge kuliko wadudu. Shamba husubiri miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa kwa mara ya kwanza, na nyasi kavu kati ya mistari zikishika moto, kazi ya miaka huharibika mchana mmoja. Singa zilizotoka kwenye korona na kuanikwa juani ni kavu kama nywele. Chumba cha brashi kimejaa vumbi la nyuzi. Ghala limejaa marobota. Ndiyo maana mashamba yalifyeka njia pana za kuzuia moto kati ya kipande na kipande. Kengele ya mashamba ya namna hiyo, kama ilivyokuwa kwa shule zetu nyingi, mara nyingi ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Chuma kilipogongwa polepole, watu walijua ni saa ya kazi. Kilipogongwa kwa haraka na bila kukoma, hakuna aliyesubiri kuelezwa. Walishika mapanga, majembe na matawi mabichi, wakatoka.

Sitaki kuipamba historia hiyo. Manamba aliyetoka kuzima moto wa shamba alikuwa akilinda mali ya bwana, na huenda hakuulizwa kama anapenda. Huko si kujitolea. Kujitolea kulionekana baadaye, jioni, moto ulipokuwa si wa shamba bali wa chumba cha mwenzake, ambapo hapakuwa na nyapara wala ujira, naye akatoka vilevile. Ustadi aliufundishwa na kazi. Moyo alikuja nao kutoka kwao. Hapo ndipo naona kikosi chetu cha kwanza cha zimamoto, kikosi kisicho na jina.

Vijijini nje ya mashamba mambo yalikuwa ya namna hiyo hiyo, isipokuwa badala ya reli palikuwa na yowe. Yowe lilikuwa sheria. Aliyelisikia akakaa kimya alitafutiwa neno siku ya pili, na siku yake ya msiba majirani walikumbuka. Baadaye ukaja mfumo wa nyumba kumi kumi, ukaja mgambo, na baada ya mwaka 1973, ilipoamriwa kwamba kila mtu aishi kijijini, nyumba zilizokuwa zimetawanyika zikasogezwa pamoja. Kusogezwa kulileta shule na zahanati karibu. Kulisogeza pia paa karibu na paa.

Kisha mambo yakabadilika. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967. Kamba za nailoni na plastiki zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni, bei ikaanguka, na kambi nyingi zikapoteza watu wake au zikabaki na wazee. Kambi iliyokosa msimamizi ilikosa pia mtu wa kugonga chuma. Nyumba kumi zikawa jambo la chama kuliko la ujirani. Nasi tukajifunza tabia mpya, ambayo nitaitaja ingawa inauma: siku hizi moto ukitokea, wa kwanza kufika hunyanyua simu, si ili kupiga bali ili kupiga picha.

Wapendwa, historia ya zimamoto duniani ina mafundisho mawili ambayo yangefaa kuhubiriwa. La kwanza linatoka Roma ya kale. Mwandishi Plutarch anasimulia habari za tajiri Crassus, aliyekuwa na desturi ya kununua nyumba zinazoungua pamoja na zile za jirani zake, kwa kuwa wenye nyumba, kwa hofu, walikubali bei ya kutupa. Kwake moto wa mwenzake ulikuwa soko. Miaka mingi baada yake, mwaka wa 6 baada ya Kristo, Kaisari Augusto aliunda vikosi 7 vya walinzi wa usiku wenye kazi ya kuzima moto mjini. Augusto hakuwa mtakatifu, lakini alielewa kwamba mji ambao kila mtu hulinda paa lake peke yake utaungua wote.

La pili linatoka Philadelphia, Marekani. Mwaka 1736 Benjamin Franklin na wenzake walianzisha chama cha kuzima moto. Hawakuwa na mashine kubwa. Kila mmoja aliahidi kuweka nyumbani kwake, tayari wakati wote, ndoo za ngozi na mifuko imara ya kitani. Ndoo zilikuwa za maji, na mifuko ilikuwa ya kuokolea vyombo vya aliyeunguliwa, visipotee wala kuibiwa katika vurugu. Walikutana mara kwa mara, na aliyekosa mkutano alitozwa faini. Hebu tazameni jinsi jambo lilivyo dogo: ndoo, mfuko, ahadi na faini. Kila kijiji chetu kinaweza kumudu mambo hayo manne. Nchini Chile, mji wa bandari wa Valparaíso uliunda kikosi chake cha kujitolea mwaka 1851 baada ya moto mkubwa, na hadi leo wazimamoto wa nchi hiyo karibu wote ni wa kujitolea. Daktari, fundi na mwanafunzi hushika mpira mmoja wa maji.

Kwetu Tanzania, zimamoto ilikuwa kwa muda mrefu kazi ya halmashauri za miji, pamoja na vikosi vya viwanja vya ndege. Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 ndiyo iliyoliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kama chombo kimoja cha taifa. Namba yake ya dharura ni 114, na ningependa kila mtoto wa Komunyo ya Kwanza aijue kama anavyojua Baba Yetu. Hilo ni jambo jema, nasi tuwaombee vijana wa jeshi hilo, ambao mara nyingi hurushiwa mawe kwa kuchelewa, ilhali barabara haikuchongwa nao. Lakini sheria hiyo haikufuta wajibu wa jirani. Jeshi ni mkono wa pili. Mkono wa kwanza ni wetu, na mkono wa kwanza ukilala, wa pili hukuta majivu.

Hapa nafika kwenye hoja yangu. Mtu ataniambia: "Baba, watu wetu bado wana moyo, moto ukitokea wanajaa." Ni kweli wanajaa. Ila umati si kikosi, na tofauti ya viwili hivyo inahesabiwa kwa makaburi.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Umati ulijaa. Wengi walikwenda na madumu, wakichota petroli iliyomwagika, na moto ulipolipuka walikufa watu zaidi ya 100. Siwahukumu marehemu, umaskini ni mshauri mbaya, na Mungu ndiye ajuaye mioyo. Lakini laiti pangalikuwa na watu 20 tu waliofundishwa, waliosimama barabarani wakasema kwa sauti moja kwamba hakuna kusogea, pengine wengi wangalirudi nyumbani jioni ile.

Sasa linganisheni na Oktoba 2020, moto ulipozuka mlimani Kilimanjaro. Huko gari halipandi na maji ni haba. Watu wa kujitolea wapatao 500, wakiwamo wanavijiji na wanafunzi, walipanda pamoja na askari wa hifadhi na wazimamoto, wakaupiga moto kwa matawi, wakaukatia njia kwa majembe. Uliunguza eneo kubwa na ulichukua siku nyingi, lakini ulishindwa. Hao nao walikuwa watu wa kawaida kama wale wa Morogoro. Kilichowatenganisha ni kwamba waligawiwa makundi, wakapewa zana, wakawa na mtu wa kuwaambia simama hapa, usivuke pale.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko yote, yaani watoto wetu wa bweni. Shauritanga, Rombo, Juni 1994, wasichana zaidi ya 40. Idodi, Iringa, Agosti 2009, wanafunzi 12. Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, watoto 10. Kwa majirani zetu wa Kenya, kule Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Kila mara tulilia, tukazika, tukaunda kamati. Je, bweni lililo karibu nawe lina mlango wa pili? Ufunguo wake usiku hukaa kwa nani? Madirisha yana nondo zisizofunguka? Majirani wa shule wameoneshwa kisima kilipo? Maswali haya hayahitaji mhandisi. Yanahitaji mzazi mmoja asiyeona haya kuuliza.

Najua pingamizi zitakuwapo. La kwanza, kwamba hii ni kazi ya serikali nasi tunalipa kodi. Ni haki yetu kudai gari, kisima na barabara, na tusiache kudai. Lakini atakayedai bila kujipanga atadai akiwa amesimama juu ya majivu yake. La pili ni zito zaidi: kwamba ni dhambi kumtuma kijana maskini ndani ya moto bila viatu wala bima, kisha akiungua tumwachie mama yake gharama za hospitali. Pingamizi hili nalikubali lote. Ndiyo maana kikosi ninachokisema si cha mashujaa wa kuingia ndani ya moto mkubwa. Ni cha watu wanaojua wakati wa kuingia na wakati wa kurudi nyuma. Jumuiya inayomtuma mtu hatarini bila kumwekea akiba ya matibabu inamtumia tu, na haistahili kusema inampenda.

Basi napendekeza hivi. Kabla kiangazi hakijakaza, kila kitongoji kiandike watu 10, wanawake kwa wanaume, Waislamu kwa Wakristo, na majina yao yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Kila mmoja awe na ndoo 2 na chombo kimoja, jembe, panga au fyekeo, visivyotumika kwa kazi nyingine. Kila kitongoji kining'inize tena kipande cha chuma, na watoto wafundishwe mlio wake. Ijulikane mapema ni wazee gani na wagonjwa gani hawawezi kutoka wenyewe, na nani wa kuwabeba. Ijulikane kwamba moto wa mafuta na wa umeme haumwagiwi maji, na kwamba nyasi zinazozunguka nyumba zifyekwe. Mtu mmoja awe na kazi ya kupiga 114 na kwenda barabarani kulipokea gari, na wawili wawe na kazi ya kulinda vyombo vilivyotolewa. Naona aibu kuliandika hili la mwisho, lakini sote tunajua kwa nini naliandika.

Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Itumie mamlaka hayo, hasa juu ya kuchoma mashamba: hakuna kuwasha bila kumwarifu jirani, bila njia ya moto, wala wakati wa upepo. Nasi wa Kanisa tusikae pembeni. Tangu mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa msingi wa uchungaji wao. Jumuiya inayojua kusali rozari nyumba kwa nyumba inajua tayari nani anaishi wapi, nani ni mgonjwa, nani amelala peke yake. Elimu hiyo tuipeleke kijijini, na tuifanye kazi hii pamoja na ndugu zetu wa msikitini. Moto haukuwabagua manamba. Sisi tubaguane kwa sababu gani?

Nimalizie kwa mfano wa Msamaria mwema, ambao tumeusikia mara nyingi mpaka hatuusikii tena. Kwa kawaida tunasifu huruma yake. Lakini kuhani na Mlawi huenda nao walihuzunika kimoyomoyo, Injili haisemi. Tunachojua ni kwamba Msamaria alikuwa na mafuta na divai safarini, alikuwa na mnyama wa kumbeba majeruhi, na alikuwa na fedha za kumwachia mwenye nyumba ya wageni. Huruma yake ilikuwa na vifaa. Angekuwa na moyo uleule, lakini mikono mitupu, angebaki kando ya njia akilia pamoja na aliyejeruhiwa.

Sisi machozi hatujapungukiwa. Tupungukiwe nini tena, ila ndoo iliyojaa maji na jirani anayejua pa kusimama? Tarehe 4 Mei Kanisa humkumbuka Mtakatifu Floriani, askari aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 304 kwa kutoswa mtoni, naye ndiye msimamizi wa wazimamoto. Atuombee. Lakini Jumapili hii, mkitoka Misani, kabla ya kuagana, mtazame jirani yako wa kushoto na wa kulia, umwulize neno moja tu: usiku wa leo likisikika yowe, wewe utakuja na nini?

Mungu awalinde na kuwabariki, ninyi na nyumba zenu.